Dorita na Jina Lake la Pili

Jumatatu, 11 Novemba

Anga ina rangi ya papai tangu asubuhi. Hakuna upepo. Bahari imetulia kama shuka iliyopigwa pasi. Siku moja kabla ya kimbunga dunia huwa nzuri hivi. Ndiyo maana siiamini.

Kapteni Eladio, mkuu wetu wa kijiji, ameniagiza mimi karani wake niandike kwenye ubao wa nje ya ofisi: Dorita anakuja. Ishara ya Pili ya upepo mkali. Mtaa wa Ufukweni wahamie shuleni. Nimeandika kwa herufi kubwa, nikafuta mara tatu kwa sababu mstari ulipinda. Mzee Turing alisimama kusoma. Kasema kwa mwandiko huu hata Dorita ataona haya kuchelewa.

Kwa mwokaji mikate televisheni ilikuwa inaonyesha ramani. Nikauliza, nchi za nje Dorita wanamwitaje? Maana vimbunga huja na jina lao, vikiingia bahari yetu tunavibatiza upya. Mtangazaji akatamka “Horun” — na umeme ukakatika. Mwokaji kasema ndiye huyo huyo. Nimeandika kwenye daftari la ofisi: Dorita ni Horun.

Jumanne, 12 Novemba

Umeme bado. Friji zinavuja, kwa hiyo kijiji kizima kinapika kabla vitu havijaharibika. Uwanja wa shule unanukia siki, kitunguu saumu, nyama ya nguruwe. Kaya kumi na tisa zimehamia, nimezipanga darasa kwa darasa. Mtu angepita angedhani ni harusi.

Bibi Salud, aliyenilea, amekuja na mto, sanamu ya Mtoto Mtakatifu, na feni.

Nikamwuliza feni ya nini, umeme haupo.

“Ukirudi utaniomba.”

Mchana nililala kidogo juu ya madawati mawili. Bila mota, bila redio, nilisikia kila kitu: majani ya mnazi, kijiko kwenye sufuria, mtoto akihesabu mijusi darini. Nilihisi kama tuko ndani ya yai. Dorita hajafika. Mvua kidogo tu, nyembamba, kama mtu anachuja unga.

Jumatano, 13 Novemba

Jua! Siku ya pili tunangoja, na jua. Watu wameanza kunitania. “Karani, huyu Dorita wako ameahidi au amesema atajaribu?”

Nilipanda kilimani kutafuta mtandao. Simu ikalia mara moja tu. Ujumbe wa binamu yangu Analyn, muuguzi Osaka: Horun kageuka, anakuja kwetu Japani, mtuombee.

Nilikaa juu ya jiwe karibu saa nzima. Kapteni yuko mjini kufuata mchele, hakuna wa kumwuliza. Nilifungua daftari, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe. Dorita ni Horun. Nikashuka. Nikaandika: Dorita kageuka. Mnaweza kurudi nyumbani.

Walikunja mikeka wakiimba. Mama Pilar kanibusu shavuni. Bibi alisoma ubao, akanitazama, akasoma tena. Kisha akabeba feni yake.

Jioni nimetembea ufukweni bila hofu. Sikumbuki mara ya mwisho. Maji yalikuwa vuguvugu, na mawingu marefu yamejikunja kama nywele zilizochanwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika haraka, daftari gotini.

Kapteni amerudi saa nne asubuhi na redio ya betri. Vimbunga ni viwili. Horun hakuwahi kuwa wa kwetu. Jina la nje la Dorita ni jingine kabisa, na anafika leo jioni. Ishara ya Nne, kali maradufu.

Kapteni aliufuta ubao kwa kiganja. Hakupaza sauti. Kasema nipite nyumba kwa nyumba, niwaambie tu kimbunga kimerudi. Hakuna atakayeuliza.

Kwa Mzee Turing nilisema hivyo. Kimerudi.

“Kimesahau nini?” Akaendelea kuwalisha kuku wake.

Mlango wa pili hivyo hivyo, walicheka. Wa tatu ni wa Mama Pilar. Upepo ulikuwa umeanza kugonga mabati. Nikasema: nilichanganya majina. Aliyekwenda Japani ni mwingine. Kosa ni langu.

Hakunibusu. Alichukua watoto, akapita mbele yangu kuelekea shuleni.

Nikarudi kwa Mzee Turing, nikarudia yote.

“Kwa hiyo aliyegeuka si wa kwetu.”

“Si wa kwetu, Mzee.”

“Na wa kwetu?”

“Yuko njiani.”

Akaanza kuwakamata kuku, mmoja mmoja, miguu juu. Kasema ungeanza na hilo, binti.

Kaya kumi na nane zimetoka. Kila mlango, hata ule wa pili niliourudia, nimesema maneno yale yale, na hayakuwa mepesi hata mara moja. Ya kumi na tisa ni ya Bibi. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kabisa, juu ya nguzo, karibu na maji. Ilipaswa kuwa ya kwanza. Nilimwacha mwisho kwa sababu ya aibu — niandike ukweli.

Nimemwambia. Anachana nywele mbele ya kioo.

“Nilijua. Kimbunga kikigeuka mifupa yangu huniambia. Safari hii haikusema kitu.”

“Sasa kwa nini ulirudi?”

“Uliandika wewe. Ningebaki shuleni peke yangu, wangesemaje juu ya karani wao?”

Nimefunga mto wake kwenye nailoni, na Mtoto Mtakatifu. Feni nimekataa. Anasema hawezi kuingia mbele za watu na kichwa kama fagio. Amesuka upande mmoja. Vidole vyake haviharakishi, vinapita juu, chini, juu, nami siwezi kuacha kuvitazama. Nimesema Bibi, twende. Anasema umebaki upande mmoja tu.

Sakafu ni ya mianzi. Kati ya fito nayaona maji, rangi ya chai ya maziwa, yakipita chini yetu polepole, bila kelele. Kandambili zangu nilizoziacha chini ya ngazi zinaelea. Moja imeshaelekea kwa jirani. Bibi ananyoosha mkono nyuma, hageuki, ananiomba nimshikie utepe. Naweka kalamu.