Gia Fupi za Kilima cha Hospitali

Baba watoto,

Ukitoka zamu, chakula kipo jikoni, kipashe moto. Watoto uwachukue shuleni saa tisa. ~~Gari usiliguse.~~ Chukua gari, ila gia ya kwanza usiing'ang'anie, siku hizi ni fupi, ina nguvu lakini haina mbio.

Ndiyo, nimebadilisha. Ulichagua gia ndefu ili injini kubwa tuliyoifunga ikimbie barabara kuu, nami fundi mzima nikanyamaza. Mwezi uliopita gari likazimika katikati ya kilima cha hospitali, likarudi nyuma karibu ligonge ukuta. Mama yako akaapa hapandi tena, na kliniki amekosa mara mbili.

Jana nimefunga ya kwanza na ya pili fupi, zenye nguvu ya kupandia. Ya tano nimekuachia ndefu, usininunie.

Leo asubuhi nilimbembeleza mama mpaka akaingia, macho kayafumba. Gari likapanda polepole, bila hata kukohoa. Tulipofika geti la hospitali akauliza, "Mwanangu, kilima bado?"

"Tumeshakipita, mama."

Akafumbua macho, akacheka. Aliyelia ni mimi.

Sasa amelala chumbani, usimwamshe. Nakwenda gereji kwa miguu.

Mama watoto