Kipindi cha Kwetu

Anchorage, 4 Septemba

Mwanangu Anselm,

Marahaba, najua umeniamkia hata kama barua yako haijafika. Mimi mzima, ila nyonga huuma kukinyesha. Wewe na mkeo Tove hamjambo? Ng'ombe je?

Kipindi chenu cha televisheni, cha maisha yenu huko shambani, kimeanza tena. Kila Alhamisi hapa nyumba ya wazee watu wanagombea viti. Nikawauliza wanapenda nini hasa, maana mimi nakuona unazoa samadi tu. Bwana Lyle, aliyekuwa rubani, anasema kwenye vipindi vingine watu hulia wakiwa wamejipaka poda, lakini ninyi mnachafuka kweli. Mbishi ni Opal peke yake. Alikuwa msusi, haamini kitu. Anadai suruali zako zimechanwa makusudi, nikamwambia viraka hivyo nimetia mimi.

Mimi natazama nyumba yangu. Nimeona umebadilisha mlango wa banda la kukaushia samaki. Haya. Uliahidi kuja kunichukua nyasi zikishaingia ghalani. Zimeingia?

Mama yako


Nyumbani, 15 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, Tove tu ana mafua, anakusalimu sana. Nyasi zimeingia, ingawa za bondeni zimeharibiwa na mvua. Kulungu wa nyama ya kutuvusha majira ya baridi bado sijampata.

Kuhusu kurudi kwako, tusubiri kidogo. Nyonga ikipata nguvu tutazungumza.

Hawa wapiga picha wametuganda, hata nikienda chooni nawakuta njiani. Nyie mnatuona, sisi hatujawahi kujiona, maana unajua kwetu hakuna televisheni. Tove anasema bora hivyo.

Mwanao,
Anselm


Anchorage, 3 Oktoba

Anselm,

Sijambo. Natumaini nanyi hamjambo.

Jana wamekuonyesha ukipasua samaki, wale samoni, pale mezani nje. Msichana wa kamera akakuuliza mama yako anarudi lini. Ukaendelea kupasua, kisha ukasema: "Mama harudi tena. Ngazi haziwezi, kuni haziwezi, na akianguka sisi tuko malishoni. Sijui nitamwambiaje."

Bwana Lyle akanyanyuka akazime televisheni, nikamwambia aache. Opal akanishika mkono, akasema, "Huyu haigizi." Kumbe ilibidi anione naumbuka ndipo aamini.

Samoni mnapasua Julai. Basi tangu Julai ulijua, na mimi huku nimeshafunga sanduku. Nimekasirika, Anselm. Kukataliwa ningevumilia. Lakini msichana nisiyemjua alijua kabla yangu.

Mama yako


Nyumbani, 12 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Naona haya hata kukuuliza hali.

Nilidhani kile kipande watakitupa. Wanapiga picha kutwa nzima, wanatoa kidogo tu, na mimi nilikuwa nimeshasahau. Msichana aliuliza, nikajikuta nimesema. Wewe kila ulipouliza nilikosa pa kuanzia. Tove ameninunia, anasema alinionya.

Nisamehe. Nilichosema ni kweli, na inaniuma kwamba ni kweli.

Kuna jambo jingine. Watazamaji wengi wameandika kukuulizia. Wenye kipindi wanataka nije nikwambie ana kwa ana kwamba hurudi, na wao wapige picha. Wanasema ukweli ndio watu wanaoupenda. Unasemaje?

Mwanao,
Anselm


Anchorage, 20 Oktoba

Mwanangu Anselm,

Marahaba. Nyonga imetulia. Mwambie Tove asikununie mno, bado kuna kazi.

Hapa habari zimeshaenea. Opal anataka kunitengeneza nywele kabisa, na Bwana Lyle ameuliza kama naye ataonekana. Sitasema uongo, nami nilivutiwa kidogo.

Lakini hapana. Hiyo siku sitaki kutazamwa. Nikilia, unione wewe tu. Njoo peke yako. Nitakuuliza tena narudi lini, nawe utanijibu ukiniangalia usoni, halafu tutakunywa kahawa.

Niletee na nguo zangu za baridi kutoka kule chumbani. Lete zote.

Mama yako