Bahasha Isiyofungwa

Lituhi, 3 Juni 1995

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba hamjambo, na kahawa inaiva vizuri. Mimi sijambo kidogo tu.

Mama, miezi miwili sijaona siku zangu. Nimenyamaza kama ulivyonifunza, kwamba tumbo halitangazwi kabla halijaonekana. Hata mume wangu Bernadi hajui. Ila juzi nimeona matone ya damu, na chini ya tumbo upande wa kushoto kunanichoma. Mama mkwe anasema ni chango, ananichemshia mizizi. Bega nalo linauma, nadhani ni ndoo za maji. Nikiinuka naona giza.

Barua hii anakuletea Hamidu, anayeuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, huko na kununua kahawa. Mpe ile dawa yako ya chango.

Mwanao,
Hedwiga

Litembo, 5 Juni 1995

Mwanangu Hedwiga,

Sisi wazima, salamu nyingine zingoje. Dawa situmi.

Barua yako nimemsomea muuguzi, Sista Ephrasia, akaacha chai yake mezani. Anasema mimba inaweza kushika kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni, na bega huuma. Si chango wala si ndoo. Nenda hospitali sasa hivi!

Dada yangu Walburga alikufa hivyohivyo, anakandwa tumbo. Nilijua ana mimba, nikakaa kimya, eti adabu. Kisha nikakufunza wewe adabu ileile. Nisamehe, mwanangu.

Bahasha sijaifunga. Anayeibeba aisome. Hamidu, baba, usione haya: mwanangu anavuja damu ndani. Mpeleke.

Mama yako,
Otilia

Lituhi, 9 Julai 1995

Mama,

Shikamoo. Naandika nimeketi mwenyewe, bila kushikwa.

Hamidu aliisoma njiani. Hakupitia sokoni, alikuja akipiga honi hadi uani, akamsomea mama mkwe kwa sauti, majirani wamejaa. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe alimwaga mizizi yote, akapanda nami garini, akanipakata hadi hospitali. Bernadi alinitolea damu. Mrija ulikuwa umeshapasuka, wameutoa. Umebaki mmoja, na daktari amesema nikikosa siku zangu tena niwahi hospitali mapema. Mtoto namlilia bado, mama, sikufichi.

Wanawake wanaoanika usipa wanakuja kusomewa barua yako. Jana jirani yangu Nasma alibaki nyuma, akaninong'oneza kwamba siku zake zimepita na upande mmoja unamchoma. Tulimpandisha kwenye gari la Hamidu palepale.

Barua imechanika kwenye mikunjo. Niandikie nyingine, na hiyo pia usiifunge.

Mwanao,
Hedwiga