Lirudishie Zimwi Langu Meno

Minza, umeling'oa zimwi langu meno, ukalipaka mafuta, ukalipeleka sokoni Nyasubi watu walishangilie. Huna haya.

Leo Jumanne. Jua limekaa utosini tangu saa tatu na vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, limeingia mpaka kwenye chumvi. Upande wa ziwa mawingu yamesimama, mvua haiko mbali. Naandika nimeketi mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kwa sababu kuna mtu namlinda.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Kulwa. Nimezaliwa Samuye, nikaolewa huku Geita vilima hivi vikiwa bado na miti. Shule niliishia darasa la tatu, la nne nililionea dirishani. Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Minza, binti wa Kulwa, ili niandike hadithi za zamani na watu wakija kunisoma mimi wazione na zake. Naishi na mke wa kaka yake, Mama Limi, ambaye huwa ananisahihishia herufi. Leo nimemkataza asiguse simu. Nikikosea, nimekosea.

Minza anaandika vitabu. Hana kampuni wala bosi. Anatunga mwenyewe, anachapa mwenyewe kwenye steshenari yake huko Kahama, anabana pini mbili mgongoni, anauza. Ninavyo vyote, viko sandukuni pamoja na kitenge changu cha kuzikiwa. Navisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa hiyo asije akasema bibi anabwabwaja asichokijua.

Kile cha ufalme wa chini ya ardhi, wenye malkia anayenyesha mvua kwa kuchana nywele, ni kizuri. Nimekirudia mara mbili. Kile cha upelelezi, cha kutafuta nani alimuua mnunuzi wa dhahabu, muuaji nilimjua mapema. Mtu anayempelekea mwenzake chai mara tatu bila kuombwa ana lake jambo. Kile cha kukimbizana, jamaa amepigwa risasi ya paja, anakimbia kutoka Kahama mpaka Geita na haombi hata maji. Nilimpigia simu nikamwambia, mtu wako ana kiu. Akacheka. Nikamwacha. Hivyo ni vya watu wazima, na mtu mzima akikubali kudanganywa ni juu yake.

Cha nne ni cha watoto. Hicho ndicho kimeniweka mlangoni.

Hadithi yenyewe ni yangu. Nimewasimulia watoto wote wa ukoo huu, Minza akiwemo. Kuna zimwi linakaa kwenye shimo la dhahabu lililoachwa. Meno yake ni kama sululu. Mtoto akisogea ukingoni linamvuta mguu, na hadithi inaishia hapo. Hakuna wimbo wa kumtoa, hakuna baba anayekuja na mkuki. Watoto walikuwa wanalia, na wakimaliza kulia hawasogei mashimoni. Ndiyo kazi ya hadithi ile. Haina kazi nyingine.

Sasa sikia alichofanya msomi wetu. Kwake binti analipelekea zimwi kiazi kitamu. Analisalimia kwa adabu. Zimwi linatoa machozi, kumbe masikini lilikuwa mpweke. Linamshika binti mkono, linamshusha taratibu mpaka chini, wanacheza. Mwisho. Na picha amechora mwenyewe, zimwi lina mashavu kama bwana harusi.

Kitabu hicho alimletea Limi, kitukuu wangu wa miaka sita. Mama yake akamsomea. Akamsomea tena. Mimi nilikuwa napepeta mtama, nasikia nusu nusu, nikadhani ni zimwi jingine linalozungumzwa; chenyewe nimekisoma jana usiku tu.

Jana alasiri Limi alikuwa anabangua karanga na mimi uani. Niligeuka kuchochea moto. Nilipogeuka tena, kiti kitupu.

Sitaki kuandika nilivyokimbia. Mwanamke wa umri wangu hakimbii.

Nilikutana na Mama Jumanne, yule anayewapelekea wachimbaji uji, amembeba Limi kwapani kama mzigo wa kuni. Ndoo yake ya uji ameitupa huko huko. Aliniambia, "Mama Kulwa, kitukuu wako ana mgeni wake shimoni. Nimemkuta amelala kifudifudi ukingoni, kichwa chote kiko ndani."

Ni lile shimo la nyuma ya karasha bovu. Matimba yake, yale magogo ya kushikilia kuta, yameoza, udongo wa ukingoni unameguka ukiukanyaga na kandambili. Limi alikuwa ameshadondosha kiazi. Alikuwa anaita, "Shikamoo zimwi," halafu ananyamaza, anasubiri marahaba.

Nilimwuliza, mayu, mama yangu, ulikuwa unafanya nini. Akanijibu bila wasiwasi, "Halikuitikia, bibi. Nadhani limelala. Nitarudi na kiazi kikubwa."

Nikamketisha nikamsimulia hadithi yangu, ile yenye meno. Niliisimulia kwa nguvu zote, na sauti ya zimwi nikaitoa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipapasa goti akasema, "Si kweli, bibi. Kitabu kimesema ni jema."

Kitabu kimesema.

Nimelea watoto na wajukuu kwa mdomo huu. Kwa mdomo huu nimesuluhisha ndoa na kukemea walevi, na mwenyekiti wa kitongoji ananiamkia kwanza. Leo karatasi yenye pini mbili imenishinda mbele ya mtoto asiyejua kufunga vifungo vya gauni lake.

Nilimpigia Minza. Kwanza alishtuka, akalia kidogo, nikaona vema. Halafu akaanza kujitetea. Ati watoto wa siku hizi hawatakiwi kutishwa, wanaota vibaya. Ati hadithi za sasa zinaishia kwa upendo, na wasomaji wake wameipenda sana.

Nikamwuliza, hao wasomaji wako wana mashimo?

 Akanitupia lililoniuma. Akasema, "Lakini bibi, na wewe uliibadilisha. Uliniambia mwenyewe kwamba kwa bibi yako kule Samuye zimwi lilikuwa kisimani, na mtoto alitoka mzima. Wewe ndiye uliyelihamishia kwenye shimo na ukamfanya mtoto asitoke. Mimi nimefanya kama ulivyofanya."

Nilikata simu.

Tangu hapo sijala vizuri, maana amesema kweli. Niliibadilisha. Kwa bibi yangu mtoto aliimba, zimwi likasinzia, akapanda kamba ya ndoo akarudi kwa mama yake. Niliipenda sana nikiwa mdogo. Nikaja huku, nikawasimulia wanangu hivyo hivyo, pamoja na wimbo wake na kamba yake.

Minza ana akili nyingi. Anajua kuficha muuaji mpaka ukurasa wa mwisho. Lakini baba yake anaitwa Kulwa, jina la pacha, na katika umri wake wote Minza hajawahi kuniuliza Dotto, pacha wa pili, yuko wapi.

Zamani watu waliniita Mama Kulwa na Dotto. Kisha wakaniita Mama Kulwa tu. Walifanya hivyo kwa huruma, nami nikaitikia.

Dotto alikuwa na miaka saba. Kulwa siku hiyo alikuwa na homa, amelala. Dotto alifuata mwanambuzi aliyepotea, mvua zilikuwa zimeanza, mashimo yalikuwa yamejaa mpaka juu na maji yalikuwa na rangi ya udongo wenyewe, huoni ardhi inaishia wapi. Walimtoa wachimbaji. Mwanambuzi alirudi mwenyewe jioni.

Msimu uliofuata, watoto waliponiomba hadithi, mdomo wangu ulikataa kumpandisha yule mtoto kwenye kamba. Nikalipa zimwi meno. Tangu hapo hakuna mtoto wangu aliyekwenda shimoni, wala mjukuu. Mpaka jana.

Kwa hiyo kosa si lako peke yako, Minza, na sitaliandika mara ya pili, soma hapa na ulikariri. Niliwapa zimwi nikawaficha mtoto. Wewe ulipoona zimwi bila mtoto, ukaona mchezo. Ungejuaje. Baba yako hawezi kulisema, na mimi nilijifanya nimesahau.

Limi yuko hapa miguuni pangu sasa hivi. Ameshachagua kiazi. Ameniuliza mara mbili nitalala usingizi saa ngapi.

Nyie mnaosoma humu mkiwa na kitabu hicho nyumbani, na mnakaa huku kwenye mashimo, kitoeni mikononi mwa mtoto leo. Msikichome, karatasi ni mali ya mtu. Kiwekeni juu ya kabati mpaka Minza awaletee kingine.

Na wewe, ng'wanawane, mwanangu, usinitumie ujumbe wa kuomba radhi. Kesho funga steshenari, panda gari la kwanza, uje na nakala zote zilizobaki. Vaa viatu vigumu. Ukifika hutapewa chai. Kaka yako na mwenyekiti watakuwa wamekata miiba, tutakwenda wote nyuma ya karasha tuzungushie lile shimo kabla mvua haijashuka. Baba yako nimemwambia aje. Amesema atakuja.

Miiba kwanza. Kalamu baadaye. Zimwi ulirudishie meno, na yule binti wa kiazi mwondoe. Weka mtoto wa kiume wa miaka saba, anafuata mwanambuzi. Jina lake ni Dotto. Liandike.