Wimbo Uliomfunika Baba Yako

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
Jumapili, mchana.

Mpendwa mwanangu Sindano,

Kwanza pokea salamu zangu, nzito, za kubebwa na watu wawili. Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Na huyo mjukuu wangu, ambaye kwenye picha naona amechukua pua yangu bila kuniomba, kikohozi kimemwachia? Hiyo baridi ya huko mnaivumiliaje? Nasikia mtu akitema mate yanafika chini yakiwa kokoto. Ningekuja mimi huko, baridi yenyewe ndiyo ingetafuta sweta.

Sisi huku tupo. Mama yako magoti yanamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa, tunashukuru. Mimi ba'mdogo wako ni wa chuma, unanijua. Baba yako anakunywa uji, tunamtoa asubuhi tunamkalisha hapa karakana kwenye kiti chenye mikono, karibu na dirisha. Upande wa kulia bado umelala. Sauti haijarudi. Daktari anasema tusubiri, nasi tunasubiri, maana hata angesema tukimbie, tungekimbilia wapi?

Umesema hutaki nikutumie sauti kwenye simu, kwa kuwa nikishika simu naanza kupamba. Umesema nikae chini niandike kwa kalamu baba yako alisema nini kwenye ile video, ukweli mtupu. Haya. Kalamu na mimi tuliachana zamani, mwalimu akiwa ameshika fimbo, kwa hiyo mwandiko usikuchekeshe. Karatasi nayo ina heri yake. Hakuna mtu wa kuizima sauti.

Nianze mwanzo, ili ukinilaumu unilaumu kwa jambo lenyewe.

Unajua sifa zangu huko mtandaoni. Ukurasa wangu wa makochi unatazamwa na watu wengi kuliko matone ya mvua. Kuna mgonjwa mmoja alikuwa mahututi, ndugu wameshaanza kugawana viti vyake, akaonyeshwa video ya kochi langu la kona. Akaahirisha kufa mpaka ajue bei. Alipoijua, ndipo akafa. Haya, hilo tuliache.

Kinachofanya video zangu zipendwe ni namna ninavyozivisha. Karakana yetu ina kelele, mwenyewe umekulia humu. Nyundo, cherehani, na yule jirani mchomeleaji ambaye mashine yake ya kukata chuma inalia kama inachinjwa. Sasa mimi kila nikipiga video, jambo la kwanza naizima sauti yake, la pili naivisha wimbo. Ni kama kochi tu: fremu uchi hainunuliwi, lazima ivae kitambaa. Na kitambaa changu siku zote ni ule wimbo wa mapenzi unaolia kwenye kila kinyozi na kila harusi. Mkono umeshazoea, unafanya wenyewe, kama unavyotoa msumari mdomoni bila kuutazama.

Siku ile mama yako alikuwa amekwenda kuhani msiba kwa jirani. Nadhani baba yako aliisubiri nafasi hiyo. Akavua aproni, akajipangusa pamba kichwani, akakaa kwenye kile kiti chako kidogo chekundu alichokutengenezea ulipoanza shule. Magoti yalimfika kidevuni. Akaniambia, "Wewe, washa hicho kidude chako. Nina neno na mwanangu."

Nikamwambia, "Kaka, ngoja kwanza uchane nywele, utatazamwa na dunia."

Akasema, "Dunia ina baba yake. Mimi namtaka Sindano."

Akasema aliyoyasema. Nitakufikisha huko, usiruke mistari.

Video ikawa nzito, ikakataa kuja kwako. Kile kiduara kikazunguka mpaka simu ikapata moto. Nikasema si neno, nitaipandisha kwenye ukurasa wangu, ataiona huko. Wakati huohuo mteja amesimama mlangoni ananivuta kwa maneno, anataka nipunguze. Mkono ukafanya ulilozoea. Ukazima sauti, ukavisha wimbo, ukapandisha. Nikaitazama kidogo, nikaona midomo ya baba yako inakwenda na muziki kama yeye ndiye mwimbaji. Nikafurahi, mwanangu. Nilifurahi kweli. Halafu nilipotaka kulipiga picha kochi la yule mteja, simu ikasema imejaa. Nikafuta video zote zilizokwisha kupandishwa, ndivyo nifanyavyo siku zote.

Unielewe hapa. Mimi niliamini sauti ya baba yako ipo palepale, chini ya wimbo, kama sponji lilivyo chini ya kitambaa. Nilijua ukiitaka, unabandua tu.

Wenye wimbo wakaugundua. Siku hizi wana mitambo inayosikiliza dunia nzima bila kuchoka. Ukaja ujumbe kwenye ukurasa wangu: wimbo huu una wenyewe, hukupewa ruhusa, sauti ya video imeondolewa. Ndipo wewe ulipofungua ukamkuta baba yako anachezesha midomo kimya, ukanipigia, "Ba'mdogo, mbona baba anatafuna hewa?" Ulikuwa unacheka. Nami nikacheka.

Nikamwomba baba yako arudie. Akakataa. Akasema lile si la kurudiwa kama bei ya kochi, limemtoka mara moja baada ya miaka yote hiyo, nami nimelimwaga. Nilimbembeleza, nikamletea mama yako naye ambembeleze bila kujua anabembeleza nini, mpaka akasema haya, Jumapili. Alhamisi asubuhi aliinama kuokota nyundo. Hakuinuka nayo.

Yaliyofuata hospitali mama yako ameshakueleza. Mimi nikaenda kwa fundi simu, yule mama mwenye miwani mikubwa pale mbele ya kituo. Nikamwambia, "Mama, nibandulie huu wimbo. Chini yake yuko kaka yangu."

Akaitazama simu, akaniuliza hiki na kile. Akasema, "Fundi, chini hapa hakuna mtu. Ulimtoa kaka yako ndipo ukauweka wimbo. Na wimbo nao wenyewe wameuchukua."

"Na ile ya kwanza, niliyoifuta?"

"Umeshapiga makochi mengine juu yake. Pole."

Nikawaka. Nikasema nitakwenda mpaka kwa mwimbaji mwenyewe, ananijua, niliwahi kumbebea spika ukumbini, moja kila bega, akaniambia bila mimi asingefika popote. Nikasema wimbo unalia bure kila kinyozi, leo mimi ndiye mwizi? Fundi simu hakuinua hata kichwa. Akasema, "Na yule wa barabara ya juu aliyechukua picha za makochi yako akasema ni yake, ulimfanya nini?"

Unakumbuka nilichomfanya. Mtaa mzima unakumbuka. Basi nikanyamaza. Mimi kunyamaza si jambo dogo, hata yule mama alishtuka, akanisogezea kiti.

Hata hivyo niliwaandikia wenye wimbo, fundi simu akinisaidia maneno. Niliomba radhi, nikaeleza habari ya baba yako. Wakajibu kwa adabu sana, sina la kuwasema. Wamesikitika, wametusamehe, na wako tayari kuniruhusu niurudishe wimbo. Wimbo! Niufanyie nini?

Sasa nifike penyewe. Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliichana, nayo ilikuwa tamu. Nilimwekea baba yako hotuba ya kuliza mawe, yenye methali na machozi, na mahali fulani akanisifu hata mimi. Nikamsomea. Siku hizi tunazungumza hivi: akikubali, anagonga mkono wa kiti kwa kidole cha kushoto. Akikataa, anageuza uso ukutani. Nilisoma hotuba nzima akiwa ametazama ukuta.

Kwa hiyo haya hapa chini ndiyo aliyoyagongea, nimeyasoma kwake neno kwa neno. Yamekuwa machache.

Alisema, "Sindano. Siku unaondoka nilisikia gari ikipiga honi. Nilizisikia honi zote. Nilikuwa nagonga kochi ambalo halikuhitaji kugongwa."

Halafu akasema, "Mama yako anadhani nilikasirika kwa sababu umekwenda mbali. Kwenda sikukukasirikia. Nilikasirika kwa sababu..."

Hapo yule jirani akawasha mashine yake ya kukata chuma. Baba yako hakusita, aliendelea, midomo naiona. Nikawaza, si neno, kelele hii nitaizima, nitaweka wimbo. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa goti na sikuinama kumsikia, maana nilikuwa natafuta mwanga mzuri.

Mashine iliponyamaza alikuwa anamalizia, "Ndiyo hivyo. Kiti chako sijakiuza, na wanaokiulizia ni wengi. Ukipata nafasi, uje ukikalie, hata kama hakikutoshi. Usipopata, kipo." Kisha akanitazama mimi. "Zima."

Hayo ndiyo yote, mwanangu. Lile pengo ningeweza kulijaza. Unanijua, mimi ni mtu niliyepiga chafya na misumari mdomoni ikajipanga yenyewe kwenye mbao. Sababu moja ya hasira ingenishinda nini? Nimeliacha wazi.

Si kwamba sijaribu. Tumeitazama ile video bubu mpaka macho yakauma, na mimi ninayejisifu kusoma midomo ya samaki sikuambulia kitu. Kila asubuhi nikishamnawisha, namkisia. Nikasema, ni kwa sababu hukumuaga vizuri? Ukuta. Ni kwa sababu uliukataa ufundi? Ukuta. Ni kwa ajili ya mkwe? Ukuta, tena kwa hasira. Mama yako alikisia zake, akafika moja akajikuta analia, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Na yeye mwenyewe kaka anajaribu. Anafungua mdomo, shingo inasimama mishipa, inatoka pumzi. Juzi alipiga kiti ngumi. Nimezaliwa naye tumbo moja, nimegongana naye vichwa chini ya makochi maisha yangu yote, na sijui binti yake alimuudhi nini.

Umebaki wewe. Wewe ndiye uliyekosana naye, huenda sababu unayo, hata kama umeiweka mahali ambapo hupiti. Niandikie unazozidhani, moja au nyingi, hata zile unazoziona za kijinga. Nitamsomea zilivyo, sitaongeza nukta. Akigonga, nitakupigia hapohapo, hata kama huko kwenu watu wamelala. Najua ruhusa ya kazini bado hujapewa, sikushurutishi safari. Na ukiona heri kumtumia sauti yako badala ya karatasi, tuma, masikio yake ni mazima, anasikia mpaka panya wa jirani. Ila nakuomba, mwanangu, nyuma yake isiwe na wimbo.

Msalimie sana mkwe, mwambie nilimtukana siku ile ya posa kwa sababu ya njaa tu. Mbusu mjukuu wangu kwenye pua yangu. Shangazi yako mkubwa anakusalimu, anauliza kama huko kuna uzi mgumu wa kushonea ngozi. Mama yako anasema uvae soksi. Fundi simu naye, hamjuani, lakini kaniambia nikupe pole.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na akupe usingizi usio na mawazo.

Ni mimi nikupendaye, hata unaponikasirikia,
Baba yako mdogo,
Fundi wa Makochi.

Nyongeza: Kabla ya kuifunga nimemsomea barua hii yote, toka baridi ya huko mpaka soksi. Kwenye mgonjwa aliyeahirisha kufa aligeukia ukutani. Kwenye misumari pia. Mengine aligonga. Nilipofika kwenye lile pengo hakugonga wala hakugeuka. Alinitazama mdomoni, kama anayesubiri nimalizie.