Anayelala Mlango Wazi

Jumanne, 1 Julai

Leo tena! Saa nane mchana, jua kali, barabara imejaa malori ya pamba, na yeye kalala chali mlango wazi, nyayo zinanielekea mimi. Chumba kizima nakiona nikiwa hapa dukani kwangu, ng'ambo ya barabara – mkeka, cherehani, mito anayoshona, kikombe. Mtu gani mwenye akili zake analala hivyo mjini Bariadi? Mlango una kufuli. Mzee Sadick mwenye nyumba alimkabidhi funguo mbele yangu.

Serikali ilimleta mwezi wa tano. Wenzake waligawanywa, mmoja huku mmoja kule, eti wazoee watu upesi. Kwao kunaitwa Yelu, huko juu, mbali kuliko nyota tunazoziona. Jina lake halitamkiki, basi Milembe muuza dagaa akambatiza Bundala na likashika. Ngozi rangi ya jivu. Vidole vinne. Kope zinafunga kutoka chini kwenda juu, kama za kuku. Hayo nimeshayazoea, watu wa kila aina wamepita dukani kwangu.

Kulala kwake ndiko sijakuzoea.

Alhamisi, 3 Julai

Kanisalimia asubuhi mapema: "Mwadila, Mama Hamimu." Milembe kacheka nusura amwage mafuta. Hiyo salamu ni ya jioni, asubuhi Wasukuma wanasema mwangaluka. Kafundishwa mara ngapi! Anasema kwao jua haliendi popote. Limekaa chini pale pale, kama la kwetu wakati wa magharibi. Upande mmoja wa dunia yao ni moto, upande mwingine barafu, na Wayelu wote wanaishi kwenye ukanda wa katikati. Hakuna asubuhi. Hakuna usiku. Kiswahili chake ni cha msoma taarifa ya habari.

Nikamuuliza, kama hakuna usiku mnalala saa ngapi? Akasema, "Mtu hulala akijaliwa." Jibu gani hilo? Nimeuliza saa, ananipa mafumbo. Kuna kitu anaficha.

Milembe ananiambia nimwache mgeni wa watu. Milembe huyo angemwachia hata paka amlindie dagaa.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemgundua!

Nikiingia ndani kuswali, anaamka. Nikirudi kitini, analala. Mwanzo nilidhani ni bahati tu. Leo nikamjaribu. Nimeinama nyuma ya ndoo, nikachungulia katikati ya madumu, pale ambapo hata mteja akisimama mlangoni hanioni. Kalala vilevile. Haya. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amekaa kitako, ananitazama! Nikamkazia macho – akajilaza tena, polepole, kama mtoto aliyepewa ziwa.

Kwa hiyo anajua. Nikimwangalia anajua, nikimwacha anajua. Sasa mtu anayejua nimefumba macho atashindwa kujua nimelala? Atashindwa kujua nimesahau kufunga mlango wa nyuma?

Nimesoma dua zangu zote. Sijapata usingizi mzuri.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda ofisi ya mtaa. Januarius, mtendaji, alinisikiliza huku anapekua simu, mpaka nilipofika kwenye kufumba macho. Hapo akaiweka chini. Na mimi nikapata moto. Nikasema huyu si mgeni tu, huyu ni mchawi.

Sikulipanga neno lile. Limetoka. Watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri barua zao wakageuka wote.

Januarius anasema atapeleka taarifa wilayani. Ipo nyumba ya Serikali, ina uzio, atahamishiwa huko. Sawa, nikasema, vizuri.

Jioni Mzee Sadick kaja dukani. Kakataa kiti. Kaniuliza mimi nimezaliwa wapi. Si hapa hapa? Baba yangu alitoka Kondoa, ndiyo, lakini mimi nimekulia hapa, najua neno hilo limewafanya nini bibi za watu, kisa macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Nikamjibu Bundala si bibi, na macho yake ni meupe kama maziwa. Akaondoka bila kuaga. Na akasirike! Mpangaji ni wake, hofu ni yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Mwanangu Asumini kashikwa na uchungu. Naondoka na gari la kwanza kwenda Maswa, nitakaa naye Binza mpaka apate nguvu.

Wakati nafunga duka Bundala alivuka barabara. Hajawahi kuvuka. Akauliza, "Unarudi lini, mama?" Nani kamwambia nasafiri? Na ya nini kutaka kujua duka litakaa bila mtu kwa muda gani? Nikamdanganya. Nikamwambia narudi kesho, ili aogope. Basi uso wake ukachangamka kama nimempa zawadi! Akanishukuru. Nikaongeza kufuli la pili.

Jumatano, 16 Julai – Binza

Mtoto wa kike. Mzima, mweusi, ana sauti. Alhamdulillah. Asumini ana homa kidogo lakini anakula.

Milembe kapiga simu. Bundala kakaa kizingitini tangu nilipoondoka, anatazama duka langu lililofungwa. Mito hashoni. Chakula hagusi. Halafu Milembe akapunguza sauti: macho yamekuwa mekundu, Mama Hamimu. Mekundu kabisa. Na watu wanasema.

Nikauliza wanasema nini. Akasema, "Wanasema ulichosema."

Nikajiambia labda ni vumbi, huu ni msimu wa vumbi.

Alhamisi, 17 Julai – Binza

Jirani wa Asumini hapa anaitwa Philomena, kwao Nkoma. Nilimwuliza kama ni kweli na wao waliletewa Myelu. Kweli. Mwanamke. Amekufa mwezi uliopita. Ugonjwa? Hakuna aliyeuona. Walimtunza sana, anasema, hata wale wenye mashamba makubwa ya pamba walimpelekea mchele. Walimpa chumba cha matofali chenye mlango wa chuma, na usiku walikuwa wanamfungia wenyewe asije akasumbuliwa. Walimkuta ameegemea mlango kwa ndani. Macho wazi, mekundu.

Sijamweleza Philomena kwa nini nimeuliza. Nimekaa na mjukuu mapajani na sikuwa nasikia tena walichokuwa wanaongea.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi. Kabla sijafungua kufuli niligeuka kumtazama.

Amebaki mifupa. Kaegemea mwimo wa mlango, macho mekundu kama ya mgonjwa wa macho, na ukutani juu ya kichwa chake kuna alama mbili za mawe. Mtu kamrushia mawe. Aliponiona akasema "Mwadila," kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza ilikuwa jioni kweli. Halafu akasema, "Ahsante kwa kurudi zamuni."

Zamu! Zamu ya nani? Nikavuka, nikasimama mbele yake. Nikamwuliza moja kwa moja: wewe unafanya nini na macho yangu?

Kanieleza. Taratibu, anapumzika katikati ya maneno.

Kwao Mungu aliumba kwa kutazama. Alitazama mahali, jiwe likawapo. Akatazama tena, maji. Alichokiangalia kilibaki, alichokiacha kilipotea. Halafu akachoka – nikasema astaghfirullah, akasubiri nimalize – akachoka, akalala, akawaachia Wayelu zamu. Ndiyo dini yao yote. Hawana msikiti wala kanisa. Wana uwanja mpana, nusu ya watu wamelala, nusu wamekaa wanawatazama, na mwenye zamu akimaliza anagusa unyayo wa aliyelala. Nyumba hazina milango. Harusi yao ni mtu kulala mbele ya mtu kwa mara ya kwanza. Anayelala bila kutazamwa hatarudi. Kwa hiyo halali. Na asiyelala anakwisha.

Nikamwambia Mungu wetu sisi hachoki.

"Mmebahatika," akasema. Hakunikejeli. "Wetu tunampokea."

Nikamtajia yule wa Nkoma. Alikuwa anajua. Ndiye aliyekuwa akipokezana naye zamu huko Yelu, wao wawili tu, tangu ujana. Serikali ikawatenganisha, mmoja huku mmoja kule, wazoee watu upesi.

Kwa nini hukusema, mwanangu? Neno mwanangu limenitoka lenyewe. Anasema jicho haliombwi. Ukiliomba linakuwa tupu, ni lazima mtu alitoe mwenyewe. Anasema alipofika hapa alikaa macho mpaka akaona basi, imekwisha. Halafu siku moja akainua uso akaona mwanamke wa duka la ndoo anamtazama. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Hakuombwa, kaacha wateja wanapiga hodi, yeye macho kwake tu. Kwao watu wa namna hiyo ni wachache sana na wakifa wanaimbwa.

Mimi! Mimi nilikuwa nachunga ndoo zangu!

Nilitaka kumwambia. Nikashindwa. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumatatu, 21 Julai

Jana na leo nimekaa kitini tangu nilipofungua duka. Analala kidogo, anaamka. Mteja akiniuliza bei ya beseni namjibu huku nimetazama ng'ambo. Milembe alijaribu kunipokea nikaswali, lakini Milembe anatazama kila anayepita. Bundala kaamka kabla sijafika rakaa ya pili.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa: bado simwamini kabisa. Hadithi tamu namna ile! Kama ningetaka kumweka mwenye duka kitini mchana kutwa, asigeuke nyuma, ningetunga hiyo hiyo. Leo nimemwomba Milembe akae mlango wa nyuma. Macho nampa, ndiyo. Mlango wa nyuma simpi.

Mchana nilimwita Januarius aje. Nikamwambia nafuta maneno yangu. Akacheka kwa hasira. "Mama Hamimu, ulinijia na mchawi anayelala ukimtazama. Leo unaniambia ni ibada. Nishike lipi?" Taarifa imeshakwenda. Gari linakuja Jumatano. Na hata lisingekuja, anasema, mtaa hautamwacha. Waliokuwa kwenye benchi wamesimulia kila mahali, na sasa macho mekundu watu wanajionea wenyewe. Kumwondoa ndiyo kumwokoa.

Nikauliza hiyo nyumba ya Serikali ikoje. Nzuri, akasema. Chumba peke yake. Mlango wa chuma.

Nikamwomba awe na mtu ndani, wa kumtazama tu. Akaniuliza nani atalala na mchawi, na hilo neno mchawi tumelipata kwa nani.



Jumatano, 23 Julai

Naandika bila kutazama daftari. Mistari itapandana, basi.

Kalala tangu adhuhuri. Usingizi mzito, wa kwanza tangu nirudi. Kifua kinapanda, kinashuka. Nikimwacha alale hivi hata siku chache macho yatakuwa meupe tena na watu watakosa la kusema, hilo nimelishika toka asubuhi.

Watu wamejaa pembeni, kwa kona ya jicho nawaona. Wengine nawajua kwa sauti. Kuna aliyeshika kitu kirefu. Mzee Sadick kasimama ukutani na bakora yake, mzee wa watu, atamzuia nani?

Adhana ya alasiri imepita. Swala nitaikidhi baadaye.

Gari limekuja. Nimelisikia kabla ya kuliona. Januarius kanifikia dukani, ananiambia niseme mbele ya wote kwamba ni mimi niliyeleta malalamiko, ili wajue jambo linashughulikiwa na watawanyike kwa amani. Nimemwambia aseme, namsikia. Akasema, "Mama Hamimu, nitazame ninapoongea na wewe." Nimemwambia siwezi. Milembe kacheka kwa woga.

Dereva anasogeza gari. Analileta katikati! Litaziba mlango –

Nimevuka. Sijui nimevukaje, pikipiki imenipigia honi sikioni. Nimekaa kizingitini kwake, mgongo kwa watu, uso kwake, daftari gotini. Kalala bado. Mlango huu ni mwembamba na mimi ni mnene, hapiti mtu.

Wanasubiri nigeuke. Mtu anauliza kwa Kisukuma, na huyu mama naye kafanywa nini? Mwingine anamjibu: mtazameni, hata kupepesa hapepesi. Kumbe wachawi ni wawili.

Ni wawili, wanasema. Neno linapita kwa watu, nalisikia likienda nyuma na kurudi.

Mzee Sadick anapaza sauti kwamba mimi ni mtoto wa hapa hapa. Sauti zimemfunika.

Januarius anasema nisogee. Anasema geuka, mama, wakuone macho kuwa si mekundu, geuka mara moja tu tumalize. Yuko juu ya kichwa changu kabisa. Mkono wake uko begani kwangu. Sigeuki.