Watu Kumi na Wawili wa Ernestina

Jumamosi, 5 Machi 2016
Ernestina, mtoto wa dada yangu, kanyimwa nyumba Columbia Heights, huku huku Minnesota. Vyumba viwili, basi linasimama mlangoni. Meneja kamwambia wazi: hatupangishi wenye watoto wadogo. Anao watatu tu, na mwisho wa mwezi lazima ahame anapokaa. Analia. Nikamwambia nyamaza, mjomba wako aliwahi kumtoa chatu kwenye kalavati, nimevaa kandambili. Meneja ni nini?

Jumatatu, 7 Machi
Nimekwenda mwenyewe. Suti ya kijivu, tai. Meneja akauliza familia ina watu wangapi. Kumi na wawili, nikasema, na wengine wako njiani. Kwetu Tarime ukitaja wachache ni kama unatangaza msiba. Akaandika. Nilimwona kaogopa — ukoo si mchezo. Nimetoka kifua mbele.

Jumatano, 9 Machi
Ofisi ya jimbo ya haki za binadamu, kumshtaki meneja. Kumbe sheria ipo: humnyimi mtu nyumba kwa sababu ana watoto. Nilijua siku zote. Kazini ghalani Eagan, mwenzangu Godlisten sasa ananiita wakili. Sijamkataza.

Alhamisi, 14 Aprili
Majibu ya meneja yamekuja. Eti hakukataa watoto. Alikataa watu kumi na wawili kwenye vyumba viwili, na hilo sheria inamruhusu. Shahidi wake — mimi.
Ernestina kasoma kwa sauti, taratibu. Wanawe wamelala sebuleni kwangu, wiki ya pili hii.
"Mjomba, hao wengine umewazaa wewe?"
Nikaenda kuosha gari. Lilikuwa safi.

Jumanne, 19 Aprili
Niko tena ofisi ya jimbo, nasubiri kuitwa. Wanataka maelezo yangu kwa maandishi. Ernestina yuko pembeni. Mjomba, anasema, leo usitie chumvi. Nani anatia? Nikiamua kusema kweli, Minnesota nzima hakuna wa kunifikia.
Najaribu humu daftarini kwanza.
Mimi Chacha. Meneja alimkataa Ernestina Jumamosi kwa sababu ya watoto. Mimi nilikwenda Jumatatu, amekwisha kukataa. Kumi na wawili niliwatoa kichwani. Ni wanne, mama na watoto watatu. Wanne, lakini wanaojulikana hadi Musoma.
Nimefuta Musoma.
Wanne.
Mbona wachache hivi kwenye karatasi.
Wananiita.